Nyuzi Mia na Ishirini na Saba

Nimetoka zamu ya usiku, Bugando, miguu imevimba,
nimepanda ngazi za mawe za Bugarika nikihesabu,
mia na nne, kama jana, nyumba haijahama,
na mlangoni naisikia kompyuta ya Masanyiwa
ikilia pi, pi, pi,
kama mashine ya kitanda cha saba mgonjwa akilegea.

Kwenye kioo, maandishi mekundu.
Joto: nyuzi mia na ishirini na saba.
Feni: sifuri.
Betri ya saa: volti mbili na kidogo.
Leo ni tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na kumi.

Masanyiwa yuko Mbeya, chuoni. Kwenye simu anapaza sauti:
Mama, chomoa! Usiguse!
Haya. Nimechomoa.
Kutogusa ndiko kulikonishinda.
Miaka ishirini na sita ya uuguzi:
nimeona kipimajoto kikisema mgonjwa ameshachemka
na mgonjwa mwenyewe ameketi, analalamika uji hauna sukari.
Hapo hukimbilii daktari.
Unakung'uta kipimo, unapima tena.

Nikageuza kiganja,
nikaweka mgongo wa mkono kwenye ubavu wa bati
kama kwenye paji la uso.
Homa, ndiyo. Kifo, hapana.
Maji ya chai huchemka kwa mia;
kitu cha mia na ishirini na saba kingenuka hadi kwa jirani.
Lakini feni niliposukuma kwa ncha ya kalamu
haikuzunguka.
Ile sifuri ilikuwa kweli.

Skrubu nne, kwa kisu cha mezani
(bisibisi anayo Sitta wa Makoroboi, tangu Pasaka).
Ndani, isami.
Wale wanaopanda juu ya ziwa kama moshi usio na moto,
wakafuata taa dirishani, wakafuata upepo wa feni,
wakakauka humo, mabawa kama ganda la kitunguu,
tabaka juu ya tabaka, hadi mapanga yakashikana.
Bibi yangu kule Ukerewe angewakaanga.
Mimi niliwatoa kwa mswaki mkuukuu na unyoya wa kuku,
wakajaa kibakuli.

Betri ni bapa, kama kidonge cha kumung'unya.
Muuza saa alitaka elfu tatu, nikampa mbili.
Lakini kabla sijaibadilisha niliwasha,
nikaitazama tena ile tarehe.
Januari ya mwaka ule chumba hiki hakikuwa na dari.
Masanyiwa alikuwa na meno ya maziwa.
Nshoma alikuwa anarudi saa kumi na mbili jioni
na sangara mmoja kwenye mfuko wa nailoni,
anaanza kuongea kabla hajavua viatu.
Mashine imepoteza miaka yote
ikarudi kwenye siku ya kwanza inayoijua.
Sikuilaumu.
Nilikaa humo dakika chache, mwaka ule.

Kisha nikabonyeza betri mpya, tiki,
na miaka ikarudi na vyote vyake.
Nikanakili picha kwanza, zote, kabla ya kuuliza lolote.
Wodini pia ni hivyo: mshipa kwanza, maswali baadaye.

Sasa feni inazunguka mara elfu moja na mia mbili kwa dakika.
Volti tatu kamili.
Kichwa chake kina nyuzi arobaini na tisa.
Na chini kabisa, kwa wino uleule mwekundu:
mia na ishirini na saba.

Masanyiwa ameuliza wenzake, amenipigia.
Mama, hicho kihisi hakijaunganishwa na kitu chochote.
Kitasema hivyo milele. Kizoee.

Nimekizoea, kama tulivyomzoea Lugiko wa nyumba ya juu,
ambaye kila akilewa hupiga kelele, moto! moto!
na hakuna anayefungua mlango.
Ila mwaka juzi, usiku mmoja,
moto ulikuwepo.

Kwa hiyo kabla sijalala
nageuza kiganja.